Nafasi ya Kigoda

Jiko la Futi lilikuwa dogo, na hapa hakuna kutia chumvi. Ukiingia na sinia, kutoka ni kinyumenyume. Ukifungua mlango wa kabati, mlango wa jiko haufunguki, na ukichuchumaa kutafuta kifuniko cha sufuria, nusu yako iko ukumbini. Wageni walikuwa wanachungulia tu, wanasema, "Pazuri," kisha wanarudi kukaa.

Jioni hiyo sakafu na kuta za jiko zilikuwa zimejaa karatasi za kaki. Futi alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani mwenye akili hagusi kitambaa kabla hajakata karatasi. Basi alikuwa amekata karatasi ya friji, karatasi ya jiko la umeme, karatasi ya meza, kila moja kwa ukubwa wake, akawa anazihamisha huku na huko kama mtu anayelazimisha gauni litoke kwenye kitambaa kisichotosha. Karatasi moja tu haikuhamishwa. Ilikuwa kwenye kona kando ya mlango, mviringo wenye kutokeza kidogo kwa mbele, mahali pa magoti. Hiyo ilikuwa karatasi ya mama yake. Vitu vingine vyote vingejibana, mama akae.

Jina la Futi alipewa na wateja, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo hospitali, na siku moja alikwenda nayo msibani, akashangaa kwa nini watu wanamkodolea macho. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na cherehani yake, vyumba vyake viwili ghorofani, na mama.

Na mama alikuwa anasahau. Mwanzoni alisahau mambo ya kuchekesha, miwani akiwa ameivaa, kijiko akiwa amekishika, na wanawe wakacheka naye. Kisha akasahau njia ya dukani. Kisha akasahau kwamba baba yao alishakufa, ikawa kila akimuulizia na kuambiwa ukweli analia upya kama kafa leo, mpaka wakaona bora wawe wanasema katoka kidogo. Alikuwa anaishi kwa kaka yake Futi, kwenye nyumba yenye nafasi. Futi alikuwa akienda huko kila Jumapili, na Jumapili moja mama alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akamwambia kwa adabu zote, "Karibu, dada. Wewe ndiye wa nguo?"

Futi akasema ndiyo, ndiye wa nguo. Akaenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kunywa chai.

Sasa sikilizeni kilichomtia wazimu wa kukata karatasi. Jumapili iliyofuata, wifi yake alikuwa anapika, na mama akapenya jikoni bila kuulizwa, akavuta kigoda, akakaa, akavuta na bakuli la vitunguu saumu. Vidole vikaanza kazi. Futi alikuwa nyuma yake anaosha vikombe. Mama, macho yakiwa kwenye vitunguu, akasema, "Kitinda, sogea huko, mafuta yatakurukia."

Kitinda! Futi alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile, na duniani kote alikuwepo mtu mmoja tu wa kumwita hivyo. Kikombe kikamponyoka kikapasuka. Mama hakuinua hata kichwa. "Na hicho kikombe utamweleza baba yako," akasema. Futi akacheka huku machozi yanamtiririka, na wifi yake akazima jiko akatoka, akawaachia chumba.

Tangu siku hiyo Futi alishika neno moja, na akishika neno huyo hang'oki: mama hajapotea, mama yuko jikoni, anachotaka ni kupelekwa.

Tabu ni kwamba kwa kaka yake jiko lilikuja kufungwa kwa kufuli. Wifi hakuwa mtu mbaya, tusimpakazie. Mama alikuwa amebandika jagi la plastiki kwenye moto wa gesi, pazia likashika, na watu wakanusurika kwa bahati tu. Baada ya hapo mama akawa anashinda kwenye ule mlango uliofungwa, anagonga kwa kiganja, anaomba afunguliwe kwa sababu watoto hawajala. Anagonga asubuhi, anagonga mchana. Kaka mtu alikuwa amekonda.

"Kuna nyumba ya wazee, nzuri," akamwambia Futi. "Wana wauguzi, wana bustani."

"Mama yangu haendi kukaa na watu asiowajua."

"Futi, hata mimi hanijui, hata wewe hakujui."

Futi akasema, "Mlete kwangu."

"Kwako wapi? Kwenye lile kabati unaloliita jiko?"

"Nitapunguza vitu. Nitanunua vidogo. Mama atakaa humo humo jikoni, nikiwa nashona namsikia."

"Haya, jaribu," kaka akasema. "Lakini akihangaika kama anavyohangaika hapa, Jumapili ya pili namfuata nampeleka kule, na hutanibishia."

"Sikubishii."

Akampima mama siku hiyo hiyo. Akamkalisha kwenye kigoda akapima nyonga, akapima kutoka mgongoni hadi magotini, akamwambia ajifanye anamenya kitunguu ili apime viwiko vinapofika. Mama alifurahi. Alikuwa mwanamke wa kupenda nguo. "Ni gauni la sherehe gani hili?" akauliza, na Futi akamjibu kwamba ni la kuhamia. Kwenye karatasi akaongeza vidole viwili kila upande, kama fundi anavyoacha akiba ya mshono, maana mwili wa mtu haukai ulivyopimwa.

Duka la vyombo vya umeme lilikuwa na muuzaji aliyevaa viatu vya kung'aa na tabasamu la mtu aliyesomea kutabasamu. Futi aliingia, akakunjua ile karatasi, akaitandika katikati ya sakafu, kati ya mafriji.

"Hii nini, dada?"

"Mama yangu."

Muuzaji akaitazama karatasi, akamtazama Futi. "Mama yako ndiyo yuko hivi?"

"Amekaa."

Yule kijana akaangua kicheko, na Futi mwenyewe akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Lakini muuzaji alikuwa muuzaji kweli. Aliposikia habari yote alivua lile tabasamu la kazini, akapiga magoti pale sakafuni akaanza kusogeza vitu kuizunguka karatasi. Akaleta friji fupi la kuingia chini ya meza, mlango wake unafungukia upande usiogusa magoti ya mtu. Akaleta jiko la umeme la sahani moja, bapa, ukimaliza kupika unalitundika ukutani. Akaleta sufuria ya presha ya umeme, inayopika maharage, inayopika wali, inayochemsha supu, kazi za sufuria zote za nyumbani kwa pamoja. Akaleta birika la kukunjwa, likikunjwa linakuwa kama sahani, na Futi akalikunja na kulikunjua mpaka wateja wengine wakamtazama.

"Na usalama?" akauliza. "Kuna siku alichoma pazia."

"Dada, weka mkono hapa." Muuzaji akaondoa sufuria juu ya lile jiko bapa, akabandika kiganja chake mwenyewe pembeni. "Halina moto. Ukitoa sufuria linajizima. Na hii ya presha imefungwa, hakuna kuruka mafuta, hakuna moshi, hakuna kelele. Nyumba inabaki kama hakujapikwa kitu. Hata jirani hajui kama unapika."

"Hata harufu?"

"Inabaki humo humo ndani."

Futi aliona kama ameshushiwa neema. Jiko lisilounguza, lisilorusha, lisilonuka. Angemwacha mama humo peke yake na roho isimdunde.

"Unasagia nini?" muuzaji akauliza.

"Nina kinu."

"Kinu! Kwenye jiko la hivi?" Akamletea blenda nyembamba yenye vikombe vyake, ya vitunguu, ya pilipili, ya kahawa. "Kinu kinakalia mahali pa mtu, dada yangu."

Na hapo alisema kweli tupu. Kinu siku zote kilisimama kwenye kona ileile ya kando ya mlango, pale pale karatasi ya mama ilipotakiwa kukaa. Kilikuwa kinu cha mama mwenyewe, kifupi, kizito, ukingo wake umelika upande mmoja kwa sababu mama alikuwa akitwanga akiegemea kushoto. Nyumba ya wazazi ilipovunjwa, kaka alichukua kabati na Futi akachukua kinu. Aliporudi nyumbani alikipangusa vumbi, akakizungusha, akapima, akajaribu kukisukuma chini ya meza, kikagoma. Mwishowe akamwita jirani wa chini, Mama Kuku, ambaye alikuwa amekitamani siku nyingi kwa ajili ya kutwangia chakula cha kuku wake. Mama Kuku akakibeba begani kabla mtu hajabadili mawazo. Futi akajiambia kile ni kipande cha mti tu, na mama ni mtu.

Jumapili mama alipofika, kaka alibeba begi, akasimama mlangoni mwa jiko akatazama. Friji lilikuwa limejificha chini ya meza. Sahani ya umeme ilikuwa inaning'inia ukutani. Kila kitu kilikuwa cheupe, kimya, mahali pake. "Mdogo wangu, umefanya kazi," akasema, na alimaanisha.

Mama akakaa kwenye kigoda. Akaenea! Magoti hayakugusa friji, viwiko havikugusa ukuta, kama gauni lililotoka vizuri kwa fundi. Futi aliwasha sufuria ya presha, akampa mama bakuli la vitunguu saumu mapajani, akarudi nyuma hatua, akangoja.

Mama akashika bakuli. Akatazama mlango mweupe wa friji. Akatazama taa ndogo nyekundu ya sufuria. Akatazama huku na huku kwa heshima, kama mtu aliyekaribishwa kwenye nyumba ya wakubwa.

"Hapa pasafi," akasema. "Asante, dada, kwa kunipokea. Sasa nipelekeni jikoni, watoto hawajala."

"Hapa ndiyo jikoni, mama."

Mama akacheka kidogo, kile kicheko cha mgeni asiyetaka kumwaibisha mwenyeji. Akamrudishia bakuli.

Siku zilizofuata Futi hakushona mstari uliokaa sawa. Mama alikuwa anakaa kwenye kigoda mikono mapajani, ametulia kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Akichoka anainuka, anaenda mlango wa nje, anagonga kwa kiganja. Futi akisahau kufunga, mama anarudishwa na majirani kutoka ngazini. Alimwita Futi dada, alimwita muuguzi, na asubuhi moja alimwita mama, akamwomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Futi alihamisha kigoda, akakirudisha. Akaligeuza friji. Akampa mama maharage achambue, mama akayashika akamuuliza ni dawa ya kula mara ngapi. Maharage yenyewe yakaiva ndani ya ile sufuria bila sauti, bila mvuke, na yalipopakuliwa mama akashangaa yametokea wapi.

Jamani, alikuwa amepima kila kitu. Usiku na mchana alikuwa akijiuliza ni wapi alipokosea kipimo.

Jumamosi kaka akapiga simu. "Vipi?"

"Anazoea," Futi akasema.

"Futi."

Futi akasema, "Njoo tu kesho," akakata simu, akavuta begi uvunguni akaanza kukunja nguo za mama. Mama alikuwa amesimama dirishani, amempa mgongo. Na hapo ndipo, kutoka uani chini, ikaja sauti ya mtu anatwanga. Du, du, kisha ko, kisha du.

Mama akainua kichwa. "Nani huyo anapiga pembeni?" akauliza kwa ukali. "Atakipasua! Kitinda, kamwambie apige katikati."

Futi alibaki na gauni la mama mkononi. Kisha akalitupa kitandani akashuka ngazi mbio, bila viatu.

Mama Kuku alikuwa uani, mchi mkononi, kuku wamemzunguka. "Naomba kinu changu," Futi akasema, akihema.

"Ala! Kumbe hukunipa, ulinikopesha?"

"Nitakununulia kingine. Nitakushonea unachotaka. Naomba tu, shoga yangu."

Mama Kuku alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini aliuona uso wa Futi, akaacha maneno. Akakipindua kinu akakung'uta pumba, akamsaidia kukipandisha, na kwenye kila ngazi wakawa wanakitua na kupumua.

Nafasi haikuwepo. Futi akalikokota friji hadi chumbani likakaa kando ya cherehani. Blenda akaitupa juu ya kabati la nguo, na presha pia, na lile birika la kukunjwa. Akabakiza jiko la sahani moja, akabandika kikaango, akakaanga kitunguu bila kifuniko mpaka moshi ukamwingia machoni, akazima. Akakiweka kinu mbele ya kigoda, akamwongoza mama akaketi, akatia vitunguu saumu kinuni.

Mama hakuambiwa kitu. Alishika mchi, akaegemea kushoto, akatwanga. Nyumba nzima ikajaa ile sauti, na harufu nayo ikaanza kupanda. Futi alikuwa amebanwa kati ya kinu na meza, hana pa kuweka miguu, amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mama akainua macho akamwona. Mchi ukasimama.

"Dada," akasema, na uso wake ukaanza kuingia wasiwasi. "Unatafuta nani humu?"

Futi akatoka kinyumenyume. Akasimama ukumbini, nyuma ya ukuta, asijue afanye nini. Kimya. Kisha mchi ukaanza tena, polepole, ukashika mwendo wake. Akajaribu, kwa sauti ndogo. "Mama?"

"Nini, Kitinda?" mama akajibu kutoka ndani, bila kusita, kama vile hawakuachana hata siku moja.

Futi akaketi chini pale pale, mgongo ukutani.

Kaka alimkuta hapo Jumapili. Mlango wa nje ulikuwa wazi, na alikuwa ameshaisikia ile sauti tangu ngazini. Alimkuta dada yake sakafuni nje ya jiko, futi shingoni, na begi la mama liko pembeni halijafungwa. Futi akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha.

"Mbona umekaa nje?" kaka akanong'ona.

"Asiponiona, ananijua," Futi akasema. "Akiniona tu, hanijui."

Kaka akachungulia kidogo, akarudisha kichwa haraka. Akakaa chini kando yake, na shati lake la Jumapili. Ndani, mama alikuwa anaongea: kuni zimelowa, baba yenu anachelewa, msile kabla hamjanawa. Kaka akainamisha uso kwenye magoti. Begi hakuligusa.

Kisha mchi ukatulia, na mkono wa mama ukatokea mlangoni, umeshika kitunguu saumu. "Kitinda, menya hiki, kucha zangu zimechoka."

Futi akanyoosha mkono wake, mkono tu, akakipokea. Lakini mama hakuuachia. Aliushika mkono ule akaupapasa kiganja, akapapasa vidole vilivyotobolewa na sindano miaka nenda rudi.

"Mbona mkono wako mkavu hivi?" akauliza.

"Ni maji ya kuoshea vyombo, mama."

"Maskini mwanangu. Njoo hapa nikupake mafuta."

Futi akamtazama kaka yake, na kaka akatazama pembeni.

"Nakuja, mama," Futi akasema, na akabaki pale pale nyuma ya ukuta, mkono wake bado uko ndani.